"Hata mtoto angechora hii": kuielewa sanaa ya watu ya Marekani kupitia rangi za maji za Mary Ann Willson

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa mjini Washington inazo picha nne zinazosimulia habari ya mwana mpotevu wa Injili ya Luka. Kijana anaaga nyumbani, anatapanya mali, anafika pabaya, anarudi na kupokewa na baba yake. Zilichorwa yapata mwaka 1815, kwa wino na rangi za maji, na mwanamke aliyeitwa Mary Ann Willson, mkazi wa kijijini jimboni New York. Watu ndani yake ni bapa. Hawana kivuli. Nguo zao ni za Wamarekani wa zama hizo, si za Wayahudi wa kwenye Biblia, na mchoraji ameshughulikia mapambo ya nguo kuliko alivyoshughulikia nyuso.

Mtu akituma picha kama hiyo kwenye kundi la WhatsApp, majibu huwa ni mawili. La kwanza: "Hata mwanangu wa darasa la tatu angechora hii, wazungu wanatuchezea tu." La pili, la wenye huruma: "Huyu mama alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, maskini, hakufundishwa na mtu yeyote." Yote mawili yanakosea, na la pili ndilo linalopotosha zaidi kwa sababu limevaa sura ya sifa.

Tuanze na majina. Wanaposema sanaa ya watu, Wamarekani wana maana ya picha na vifaa vilivyotengenezwa nje ya vyuo vya sanaa, na watu wasiohesabiwa kuwa wasanii rasmi, kwa matumizi ya jamii yao wenyewe: mabango ya maduka, mifarishi ya vipande, masanduku yenye nakshi, picha za sura, kumbukumbu za marehemu. Ile wanayoiita ya mwanzo ni hasa ya miaka ya baada ya uhuru wa 1776 hadi kamera ilipoingia, yaani baada ya 1839. Mchoraji aliyejifundisha mwenyewe ni yule ambaye hakupitia chuo wala karakana ya fundi mkubwa. Maana yake inaishia hapo. Neno hilo halisemi kwamba hakuwahi kuona picha ya mtu mwingine, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Rangi ya maji nayo ni nini? Ni unga wa rangi uliochanganywa na utomvu wa mgunga, kisha ukalainishwa kwa maji na kupakwa kwenye karatasi. Utomvu huo ndio unaoushikilia unga usipukutike, na ulitoka Afrika, kwenye nchi kavu za kusini mwa Sahara kuanzia Senegal hadi Sudan. Kwa hiyo kila kidonge cha rangi kilichouzwa New York wakati ule kilikuwa na jasho la mvunaji fulani wa Kiafrika ndani yake, jambo ambalo maandishi ya kwenye kuta za makumbusho hayana mazoea ya kulitaja.

Vidonge vyenyewe vilikuwa kitu kipya. Kabla yake mchoraji alilazimika kusaga unga na kuuchanganya mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 ndugu wawili wa London, William na Thomas Reeves, wakatoa vipande vikavu vya rangi ambavyo unavisugua kwa brashi yenye maji na kuanza kazi papo hapo. Boksi lake ni dogo, linakaa mezani, halina harufu ya mafuta wala tapentaini, na halihitaji turubai lililowambwa kwenye fremu wala chumba maalumu. Mwanamke mwenye watoto, mifugo na jiko la kuni aliweza kuchora saa moja, akafunga boksi, akaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana ukipekua picha za Marekani za miaka ile zilizotoka mikononi mwa wanawake, rangi ya maji inajitokeza mara nyingi kuliko rangi ya mafuta. Unyonge wa akili za kike, kama ilivyodaiwa, haukuhusika. Ilikuwa hesabu ya nafasi, pesa na muda.

Kuna dhana kwamba rangi ya maji ni ya wanaoanza na ya mafuta ni ya waliobobea. Dondosha tone la chai kwenye ukurasa wa daftari uliache likauke. Litaacha duara lenye ukingo mweusi, na ukijaribu kulifuta unaichana karatasi. Rangi ya maji ina tabia hiyohiyo. Mchoraji wa mafuta akikosea pua ya mtu anaikwangua au anapaka juu yake kesho yake. Wa rangi ya maji anaishi na kosa lake. Lazima aamue kabla brashi haijagusa karatasi, na karatasi ya wakati ule, iliyotengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, haikuwa kitu cha kuchezea. Ukiangalia picha za Willson utaona mistari ya wino inayozunguka maumbo, kisha rangi imejazwa ndani, sehemu kwa sehemu. Hiyo ni njia ya mtu aliyekwisha kupanga.

Huyu Willson alikuwa nani basi? Masimulizi ya maisha yake yanategemea sana barua moja ya yapata 1850, ambayo mwandishi wake hakuweka jina, alijiita tu mpenda sanaa. Barua inasema kwamba Willson na mwenzake, Brundage, walitoka Connecticut wakahamia Greenville, wilaya ya Greene, jimboni New York, kwenye nchi ya milima ya Catskill. Wakanunua ekari chache, wakajenga nyumba ya magogo. Brundage alikuwa mkulima: alipanda, akavuna, majirani wakimsaidia. Willson alichora na kuwauzia wakulima na wengineo. Barua haifichi kwamba wanawake hao wawili waliunganishwa na mapenzi ya dhati tangu walipoondoka kwao, na kwamba waliishi hivyo hadi Brundage alipofariki. Willson hakufarijika. Baada ya muda mfupi akahama, na alikokwenda hakujulikani.

Picha zake zilikaa kimya miaka mingi. Mwaka 1943 duka la sanaa la Harry Stone, mjini New York, likazionyesha kama ishirini hivi, pamoja na barua ile. Hapo ndipo jina lake lilipozaliwa upya.

Katika barua hiyo kuna maelezo yanayopendwa mno na waandishi: kwamba rangi zake zilitokana na matunda ya porini, matofali, na mara mojamoja rangi ya dukani. Watu husoma hapo wakaona umaskini mtupu, mwanamke wa msituni akiponda matofali kwa kukosa chochote. Mimi naona zaidi ufundi. Wekundu wa tofali unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, na wekundu wa udongo uliouzwa kwa wachoraji wa mjini unatokana na chuma kilekile. Akili ya Willson haikuwa nyuma ya ya muuza rangi. Alikuwa karibu zaidi na chanzo tu. Matunda ndiyo yenye taabu. Juisi ya matunda hupauka ikipigwa na mwanga, wakati wekundu wa chuma hudumu karne na karne. Maana yake ni kwamba picha tunazoziona leo huenda si picha alizoziona yeye: pale alipotumia tofali pamebaki, pale alipotumia matunda panaweza kuwa pamefifia. Ukiona zambarau hafifu au kijani kilichochoka kwenye picha ya namna hii, usikimbilie kumlaumu mchoraji.

Barua ileile inadai picha zake ziliuzwa kuanzia Canada hadi Mobile, huko kusini kabisa Alabama. Inawezekana mpenda sanaa wetu aliongeza chumvi. Hata tukipunguza nusu, bado tunabaki na mwanamke aliyekuwa na wateja. Alichora kitu ambacho watu walikitaka na kukilipia.

Sasa turudi kwenye lile jibu la pili, la kipaji cha kuzaliwa. Picha zile nne za mwana mpotevu hazikuchipuka kutoka kichwani mwa Willson peke yake. Mfululizo wa mwana mpotevu ulikuwa bidhaa. Wachongaji wa mabamba ya shaba waliuchapa kwa mamia, watu wakautundika sebuleni. Amos Doolittle, mchongaji wa New Haven huko Connecticut, alitoa seti yake mwaka 1814, naye aliwavalisha watu wake mavazi ya siku hizo. Mkulima wa Greenville aliyenunua picha ya Willson alikuwa anaijua hadithi, anaijua mitindo ya kuichora, na alijua aangalie wapi. Willson alichukua kitu kilichokuwa mikononi mwa wote akakigeuza chake: akaondoa vivuli, akaondoa umbali, akatanua mapambo, akaacha rangi nzito zikabiliane. Mwenye kunakili tu angejaribu kufuata vivuli vya bamba la shaba na kushindwa. Kwake hilo jaribio halionekani kabisa. Nguva wake maarufu, aliye kwenye Makumbusho ya Fenimore huko Cooperstown, jimboni New York, ndiye anayenishawishi zaidi. Kaandika jina la kiumbe huyo kwa tahajia yake mwenyewe, "Marimaid", na mkia wake kaufanya uwanja wa nakshi mtupu, michirizi ikifuatana kwa utaratibu ambao mkono wa mtoto hauna subira nao. Anayesema mtoto angechora hii ajaribu kukaa na mtoto, karatasi na kalamu ya unyoya, aone michirizi ya kumi na tano inavyotoka.

Kuhusu huu ubapa, kuna ushahidi mzuri kutoka kwa mwanamume. William Matthew Prior, mchoraji wa sura za watu huko Maine, alitoa tangazo gazetini mwaka 1831 akisema anayetaka picha bapa, isiyo na kivuli, ataipata kwa robo ya bei. Tena Prior alikuwa anaweza kuchora kwa vivuli; picha zake za bei kubwa zipo. Ubapa ulikuwa daraja la bidhaa, na wateja waliuchagua wakijua. Hii haithibitishi kwamba kila mchoraji wa namna hiyo angeweza kuchora vinginevyo. Willson pengine hakuweza. Lakini inaondoa ile hoja kwamba picha bapa ni picha iliyoshindikana. Katika nyumba zile ilikuwa picha halali, inayofanya kazi yake.

Na si kila mwanamke aliyejifundisha alikuwa wa nyumba ya magogo. Eunice Pinney ni mfano unaoivuruga kabisa hadithi ya maskini mwenye kipaji. Alizaliwa Simsbury, Connecticut, mwaka 1770, kwenye ukoo wa Griswold. Kaka yake, Alexander Viets Griswold, alikuja kuwa askofu wa Kanisa la Episkopali. Mume wake wa kwanza alikufa maji, akaolewa tena mwaka 1797 na Butler Pinney, na picha zake tunazozijua zinaanzia yapata 1809, akiwa anakaribia miaka 40. Zimejulikana zaidi ya 50. Alikuwa msomaji. Anachora Werther wa riwaya ya Mjerumani Goethe. Anachora familia ya mkulima jioni ya Jumamosi kutoka kwenye shairi la Mskoti Robert Burns, akitumia picha ya kuchapwa ya Kiingereza kama msingi. Hiyo nayo iko Washington. Kuna nyingine, ya wanawake wawili walioketi wakitazamana na mshumaa kati yao, ambayo mpangilio wake ni wa kulinganisha upande na upande kiasi kwamba ukiikunja katikati pande mbili zingekaribia kulaliana.

Kazi ya Pinney ninayoirudia ni ya mwaka 1813. Baada ya kifo cha George Washington, Desemba 1799, Marekani iliingia kwenye mtindo wa picha za maombolezo: kaburi lenye gudulia juu yake, mti wa matawi yaliyolegea, mwanamke mwenye nguo nyeusi ameinama. Wasichana walizidarizi kwa hariri na kuzichora kwa rangi za maji. Pinney alichora kadhaa za jamaa zake, kisha akachora yake mwenyewe, akaacha wazi sehemu ya tarehe ya kifo. Alikuwa na miaka 43 na aliishi mpaka 1849. Sijui kama ni uchamungu au mzaha. Kwa mtu aliyeishi na vifo vingi namna ile huenda vilikuwa kitu kimoja.

Mtindo huo ulifundishwa. Sarah Pierce alifungua shule ya wasichana Litchfield, Connecticut, mwaka 1792, na pamoja na historia na jiografia wasichana walijifunza kudarizi na kupaka rangi za maji. Shule za aina hiyo zilikuwa nyingi. Hata asiyesoma huko alikuwa na dada, binamu au jirani aliyesoma, na kazi zao zilining'inia ukutani kwa kila mgeni kuziangalia. Pinney mwenyewe alimtumia binti yake picha ziwe vielelezo vya kufundishia wanafunzi wake. Sasa huyu ni mtu "asiyefundishwa" anayetengeneza mitaala. Kilichokosekana kwa wanawake hawa hakikuwa mafunzo yote. Walikosa aina moja ya mafunzo, ile ya chuo, ya kukaa mbele ya mwili wa mtu na kuuchora misuli na mifupa. Chuo cha Sanaa cha Pennsylvania kilianzishwa Philadelphia mwaka 1805. Wanawake walipata darasa lao la kuchora mwili wa mtu mwaka 1868. Ukijua hivyo, mabega yasiyo na mifupa ndani ya nguo za Willson na Pinney yanaacha kuwa fumbo. Nguo walizijua kwa kuzishona. Mwili ulikuwa mlango uliofungwa.

Wengine walichora kwa ajili ya mkate. Deborah Goldsmith, aliyezaliwa 1808 kijijini New York, alizunguka nyumba kwa nyumba akichora familia ili kuwatunza wazazi wake waliozeeka. Mwaka 1832 aliichora familia ya Talcott kwa rangi za maji, vizazi vitatu chumbani, kila nguo na kila kiti kikiwa na pambo lake. Katika mizunguko hiyo alimchora kijana mmoja, George Throop, na mwaka huohuo wakaoana. Alifariki 1836, hajafikisha miaka 30.

Hakuna hata mmoja wao aliyesema "mimi ni msanii wa sanaa ya watu". Jina hilo walipewa karne moja baadaye, na waliowapa walikuwa na haja zao. Mnamo miaka ya 1910 na 1920 wasanii wa New York waliokuwa wamekwisha kuona kazi za Matisse na Picasso, wachoraji wa kisasa wa Ulaya, walianza kuokota picha hizi mashambani na kwenye maduka ya vitu vya zamani. Macho yao yalikuwa yamezoea ubapa na rangi nzito, wakafurahi kukuta "mababu" wa Kimarekani waliofanya vivyo hivyo. Mchongaji Elie Nadelman na mkewe walifungua makumbusho yao mwaka 1926. Edith Halpert, mwenye duka la sanaa, akaanza kuziuza. Abby Aldrich Rockefeller, mke wa tajiri, akanunua kwa wingi, na mwaka 1932 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yakafanya maonyesho makubwa yaliyoandaliwa na Holger Cahill, jina la maonyesho likiitangaza kuwa sanaa ya mtu wa kawaida. Wakati ule waliziita pia picha za "washenzi", kwa maana ya watu wa mwanzo wasioharibiwa na elimu. Msomaji wa Afrika atalitambua neno hilo. Ndilo walilotumia kwa vinyago vyetu, vikiwa kwenye rafu za jirani za wakusanyaji walewale.

Sina ugomvi na wakusanyaji hao. Bila wao karatasi hizi zingewasha moto. Lakini ile sura ya mwanakijiji msafi, asiyejua kitu, anayechora kwa moyo tu, waliichora wao, na iliwasaidia kuuza. Pinney aliyemsoma Goethe haingii ndani yake. Willson mwenye soko la majimbo kadhaa haingii pia.

Jambo la mwisho ni la mwenye bahati ya kwenda Washington au Cooperstown: msishangae mkikuta picha hizi hazipo ukutani. Rangi ya maji na mwanga haviishi pamoja, hivyo makumbusho huzitoa kwa miezi michache chini ya taa hafifu, kisha huzirudisha kabatini kupumzika. Picha za mwana mpotevu zinapatikana kwenye tovuti ya makumbusho ya Washington, bila malipo. Zifungue kwenye skrini kubwa kuliko ya simu, na kabla ya kuangalia uso wowote anza na nguo za baba, ufuate mstari wa wino kutoka begani hadi pindoni, uone ni wapi Willson amekata na ni wapi hakuinua kalamu.